Presha kidogo, sukari kidogo, kitambi kidogo: vikikutana ndiyo kiharusi? Wa Mwanza tusaidiane

#1 Ngosha Mwenye Duka

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka 43, nauza vifaa vya ujenzi hapa Igoma. Siumwi popote. Nilikwenda kupima mwili mzima kwa sababu bima ya mke wangu inaruhusu, basi. Majibu haya hapa: presha 138/88, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.2, lehemu nzuri (kolesteroli ile ya HDL) 0.9, trigliseraidi (mafuta ya kwenye damu) 1.5, kiuno sentimita 104.

Daktari, kijana mdogo tu, akaniambia hapo hakuna hata kimoja ambacho peke yake kingemfanya aniandikie dawa siku ile. Ila nina vinne kati ya vitano, na mkusanyiko huo unaitwa sindromu ya metaboliki. Mtu wa namna yangu, anasema, uwezekano wake wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi ni kama mara mbili ya asiye nao, na wa kisukari kamili ni kama mara tano.

Hapo ndipo aliponiacha. Kidogo, kidogo, kidogo, kidogo, halafu jumla yake hatari? Sivuti sigara. Nimekulia Kayenze, samaki nimekula tangu sijaota meno, na ugali wangu wa udaga. Hayo ya moyo si ya wazungu? Naomba mnijuze, ni kitu cha kweli au ni namna ya kunirudisha hospitali kila mwezi? Na kama ni kweli, kimetoka wapi?

#2 Kauzu Mkavu

Sentimita 104 unaita kitambi kidogo? Ngosha, hilo ni simtanki.

#3 Tena Sana

Natia nanga hapa. Wenye vyeti waje.

#4 Nesi Mstaafu

Kijana wako hajakosea, Ngosha. Vipengele ni vitano, ukifikisha vitatu unahesabiwa umo: kiuno kikubwa, trigliseraidi 1.7 na kuendelea; HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume na chini ya 1.3 kwa mwanamke; presha 130/85 na kuendelea, ikitosha hata namba moja kati ya hizo mbili; sukari kabla ya kula 5.6 na kuendelea. Na aliyekwisha kuanza dawa za presha au sukari, kipengele chake kinahesabika hata kama namba zimeshuka.

Hiyo ya kidogo na kidogo, sikiliza. Mshipa ni mmoja. Presha inausukuma, sukari inauharibu ngozi yake ya ndani, mafuta yanapenya hapohapo palipoharibika, na yote yanafanyika kwa wakati mmoja, miaka na miaka, bila wewe kusikia chochote. Nimekaa wodini muda mrefu. Walioletwa wamepooza upande mmoja, karibu kila ndugu aliyewasindikiza alikuwa na sentensi ileile: "Huyu hakuwa mgonjwa kabisa."

#5 Msoma Majarida

Nesi ameeleza vizuri ila kiuno hajakitaja namba, na hapo ndipo penye ugomvi.

Wamarekani walikuwa wanatumia 102 kwa wanaume na 88 kwa wanawake. Shirikisho la kimataifa la kisukari likasema Mwafrika wa kusini mwa Sahara atumie vipimo vya Wazungu, 94 na 80, mpaka data zetu wenyewe zipatikane. Baadaye watafiti wakakusanya vipimo vya Waafrika kutoka nchi mbalimbali wakapendekeza kama 81 kwa wote, wanaume kwa wanawake. Kwa hiyo mwanamume mwenye 90 kwa kipimo kimoja ni salama, kwa kingine amo. Ngosha wewe na 104 zako umepita kote, usiingie kwenye ubishi huu.

Kitu kingine. Trigliseraidi yako 1.5 isikufariji sana. Imeonekana kwa watu wenye asili ya Afrika kwamba hayo mafuta mara nyingi hayapandi hata pale insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inapokuwa tayari imeshindwa kazi. Kipengele hicho kilitungwa kwa kuangalia watu wengine.

#6 Kauzu Mkavu

Msoma Majarida amesema: "mwanamume mwenye 90 kwa kipimo kimoja ni salama, kwa kingine amo"

Kwa hiyo ukivuka mpaka unapona. Sayansi hiyo.

#7 Fundi wa Makoroboi

Mimi si daktari ila kuzungusha futi kwenye viuno vya watu ndiyo ugali wangu. Niwaambie siri ya wanaume wa Mwanza: futi ikikaribia tu, pumzi inavutwa ndani, kifua mbele. Namwacha. Najifanya naandika kwenye daftari, akichoka kujibana akaachia, ndipo nasoma. Tofauti inaweza kufika inchi mbili.

Halafu kuna wale wanaojigamba wanavaa suruali 36 tangu waoe. Ni kweli wanavaa 36, ila inafungwa chini ya kitambi. Kitambi chenyewe kimekaa juu ya mkanda, hakijawahi kupimwa na mtu. 104 za Ngosha ni inchi 41. Nina wateja wa 41 wanaoapa ni 36.

#8 Nesi Mstaafu

Fundi nimecheka, lakini umesema jambo. Kiuno cha hospitali si pale unapofungia mkanda. Shika ubavu wa mwisho, shika juu ya mfupa wa nyonga, futi ipite katikati ya hapo, usome mtu akimaliza kutoa pumzi. Nguo pembeni.

#9 Mama Lishe Igogo

Nyie mnaongelea futi, ngoja mimi niongelee karai.

Ngosha unasema samaki. Samaki gani? Bibi yako Kayenze alimchemsha na nyanya, pilipili na kitunguu, akaisha. Mimi sato huyohuyo namzamisha kwenye mafuta mpaka akauke, halafu namrudisha kwenye mchuzi wenye mafuta mengine. Nikimchemsha hanunui mtu, wanasema ni chakula cha mgonjwa. Mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, ndiyo usiseme, yanakaangika na mafuta yake ya sangara mwenyewe juu ya tuliyotia sisi. Wateja wangu wa maofisini hawaji hata kwa miguu, wanatuma bodaboda: "Mama weka wali, nyama, ule mchuzi wa juu wenye mafuta, na soda baridi." Saa kumi jioni anatuma tena, chapati mbili.

Mimi nawapikia wanachotaka maana nina watoto wa kusomesha. Ila msiniambie ni samaki wa ziwa anayewaua.

#10 Kauzu Mkavu

Mama lishe, kwa heshima zote, napinga. Pale Kirumba Mwaloni wapo wabeba mizigo wanakula hayohayo mapanki, ugali mlima, soda juu, na tumbo limeshikana na mgongo. Mafuta yako hayana kosa. Kosa ni kiti. Ngosha anakaa dukani tangu asubuhi, mfuko wa saruji anabeba kijana, nyumbani anaenda na boda. Mpeni gunia la dagaa apandishe nalo hadi kwenye lori, hiyo sindromu itamkimbia yenyewe.

#11 Dereva wa Usiku

Kila mtu anavutia kwake, na mimi nivute. Kwangu tatizo limekutwa ni usingizi. Nakula kawaida tu, lakini naendesha usiku Mwanza–Dar, mchana nalala kwa vipande. Mke wangu anasema nakoroma, halafu kimya, sipumui, mpaka anichome kiwiko nishtuke. Nilidhani ni uchovu. Mtaalamu mmoja aliponisikia nikisimulia akaniuliza hapohapo kuhusu presha, na kweli ilikuwa juu. Anasema ule ukosefu wa pumzi usiku unaamsha mwili kila mara kana kwamba umeshtushwa, presha inapanda na njaa ya vitu vitamu inakuja mchana. Wanaofanya kazi za usiku kwa miaka wanapata mkusanyiko huu zaidi ya wa mchana.

#12 Kauzu Mkavu

Dereva, kama ni hivyo sisi wa dagaa tungekwisha wote. Giza likiingia tuko majini na taa mpaka alfajiri, tunapumzika mbalamwezi tu.

Ingawa nikumbuke kitu. Nahodha wetu wa zamani alidondoka mtumbwini akivuta nyavu, upande wa kushoto wote ukafa. Mwembamba yule, hana kitambi hata cha kusingiziwa. Huyo mtamweka wapi kwenye vitano vyenu?

#13 Nesi Mstaafu

Huyo nahodha simweki kwenye vitano. Presha peke yake inatosha kumwangusha mtu mwembamba, haihitaji msaidizi. Ule utafiti mkubwa wa kiharusi wa nchi 22 uliotoka 2010 ulikuta mambo kumi yanaeleza karibu asilimia 90 ya hatari, na la kwanza kwa umbali lilikuwa presha. Ndiyo maana nawaambia watu mkusanyiko ni njia mojawapo tu. Usipokuwa na kitambi usijipe cheti cha afya. Alikuwa anapimwa presha huyo?

#14 Kauzu Mkavu

Nani apimwe presha kambini, mama. Tunapimwa na mwenye mtumbwi akitaka kujua tumekamata ndoo ngapi.

#15 Mzee wa Nansio

Mwangaluka, wajukuu.

Nawasoma tangu jana. Sisi Ukerewe tulikula mihogo, michembe, matobolwa, mtama, na samaki wenye majina ambayo nyie mnayasikia kwenye hadithi: ningu, soga, mbofu, gogogo, furu wa kila aina. Huyu sangara alikuja kupandikizwa miaka ya 50 na 60, tukamkuta ana mafuta mpaka tukashangaa. Soda ilikuwa ya harusi.

Hata hivyo watu walikuwa wakianguka na kupooza. Msidhani kimeanza na chipsi. Akianguka tulisema amerogwa, tunampeleka kwa mfumu. Sasa nimesomeshwa na wajukuu kwamba ni presha, nami dawa ya presha nameza kila asubuhi. Sawa. Presha inaangusha. Lakini kuna wazee wawili kijijini kwetu, wote presha, wote wanakula chungu kimoja. Kwa nini aanguke huyu na si yule, na kwa nini aanguke wiki aliyogombana na shemeji yake? Hilo mashine yenu haijanijibu.

#16 Tena Sana

Shikamoo babu. Swali zito sana hili, daktari akae pembeni.

#17 Binti Sengerema

Na mimi nakuamkia, shikamoo mzee. Lakini naomba niseme kwa uchungu kidogo.

Mama yangu alikuwa anakunywa chai. Kijiko kikamtoka mkononi, akakiokota kwa mkono mwingine akacheka, akataka kusema kitu, maneno yakatoka yamekunjamana. Chai ikawa inachuruzika upande mmoja wa mdomo na yeye haoni. Wakubwa wakasema upepo, akapakwa dawa, akasomewa, akalazwa chumbani atulie. Nilipofika kutoka Mwanza siku ya pili alikuwa hajanyanyua mkono wa kulia tena. Enzi hizo ni kusubiri kivuko, na foleni yake. Hospitali ya Bugando walipompiga picha ya kichwa wakasema damu iliganda, na wakatuonyesha vipimo: sukari juu, presha juu, kiuno kikubwa. Hakuna hata kimoja alichokuwa anakijua. Sisi tulikuwa tunamsifia mama amependeza, amenawiri.

Anaongea sasa, polepole. Lakini zile saa za mwanzo zilizopotea ndizo zinanikera hadi leo, mzee wangu, kuliko swali la nani kamroga.

#18 Boda Buzuruga

Pole sana dada. Si mngempa aspirini palepale? Mimi nimesikia aspirini inayeyusha.

#19 Nesi Mstaafu

Hapana, Boda! Hiyo ni ya kushuku moyo, kifua kikibana, na hata hapo ni kwa ushauri. Kiharusi kina sura mbili, damu kuganda au mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kutofautisha. Ukimpa aspirini aliyepasuka mshipa umemwongezea kuvuja. Mpaka apigwe picha ya kichwa. Na usimpe chai wala uji, koo linaweza kuwa limepooza nalo akapaliwa.

Mwambie acheke, uone kama mdomo unakwenda upande. Mwambie anyanyue mikono miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie aseme sentensi. Kimoja kikigoma, gari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, ni ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Kwa watu wa Sengerema daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, angalau kivuko si kisingizio tena.

#20 Tiba Asili Ziwa

Ndugu wote mnahangaika bure. Tuna unga wa mizizi, wiki moja kitambi kinayeyuka, presha na sukari vinarudi sawa, mishipa inazibuka. Njoo inboksi.

#21 Fundi wa Makoroboi

Njoo kwanza nikupime wewe kiuno.

#22 Tena Sana

Picha yako ya wasifu ina kitambi, mtaalamu.

#23 Mfamasia wa Kona

Tukiwa kwenye dawa, niongeze sababu ambayo hakuna aliyeigusa, kwa sababu naiona dirishani kwangu kila siku.

Kwanza diklofenaki. Mgongo ukiuma diklofenaki, goti diklofenaki, watu wanameza kila siku kwa miezi. Dawa za kundi hilo zinapandisha presha na zinadhoofisha baadhi ya dawa za presha. Mtu anameza dawa ya presha kwa mkono huu na kuivuruga kwa mkono mwingine.

Pili, na hili linawahusu akina dada, dawa za kunenepa. Wanakuja kuomba deksamethasoni kwa jina la mtaani, wachanganye na vidonge vya mzio vya kuleta hamu ya kula, wapate mwili. Deksamethasoni ni steroidi. Inaleta hasa mnachokijadili: tumbo, uso wa mviringo, sukari juu, presha juu. Unakuta msichana wa miaka 26 ana vitatu kati ya vitano na hajawahi kula chipsi za kutisha. Namnyima, anaenda duka la pili.

#24 Mtumiaji Mpya

Samahani naandika kwa akaunti mpya, mtaelewa. Natumia dawa za kufubaza virusi. Tulipohamishiwa kwenye kidonge chenye dolutegraviri nimeongezeka kilo kwa kasi, nguo hazinienei. Kliniki wanasema nimependeza. Je na mimi naingia kwenye mkusanyiko huu? Niache?

#25 Nesi Mstaafu

Usiache hata siku moja mwanangu. Kuongezeka uzito na dawa hiyo kunajulikana, na kunaonekana zaidi kwa wanawake. Lakini virusi vikiachwa vitambe navyo vinaharibu moyo na mishipa, na haraka zaidi. Siku ya kuchukua dawa omba kabisa kwa mdomo wako: nipimeni presha, nipimeni sukari, nipimeni kiuno. NIMR, wale wa utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapa Mwanza wamekuwa wakifuatilia kisukari kwa wenye VVU na wasio nao, kwa hiyo si jambo geni kwa wahudumu. Usione haya kuwakumbusha.

#26 Msoma Majarida

Naona kila mtu kaleta mchawi wake. Nilete wa kwangu wawili.

Aliyeanza kuvikusanya vitu hivi akavitangaza kwa pamoja ni Gerald Reaven wa Marekani, mhadhara wa 1988. Yeye aliona mzizi ni insulini kutosikilizwa na mwili. Kongosho linazidisha insulini, na insulini nyingi inaambia figo zishike chumvi, ndiyo presha hiyo, huku ini likimwaga sukari na mafuta kwenye damu. Cha ajabu kitambi hakukiweka kwenye orodha yake. Wengine wakaja wakasema hapana, kitambi ndicho baba wa yote, kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo yanatiririka moja kwa moja kwenda kwenye ini. Ugomvi huo haujaisha. Mwaka 2005 vyama vya kisukari vya Marekani na Ulaya vikatoa tamko la pamoja vikihoji kama jina lenyewe lina faida yoyote kuliko kutibu kila kitu kivyake. Kwa hiyo Ngosha, ukimwuliza "ni ugonjwa kweli?" hata wakubwa wao wanakodoleana macho. Hatari ipo, hilo hawabishani.

Mchawi wa pili ni tumbo la mama. Barker wa Uingereza alionyesha kwamba waliozaliwa na uzito mdogo wanakuja kufa zaidi kwa moyo ukubwani. Mtoto aliyejifunza uhaba tumboni, ukubwani akikutana na karai la mama lishe, mwili unaweka akiba kila tone. Hebu wazeni kizazi cha waliozaliwa miaka ya njaa vijijini wakahamia mjini.

Na mji wenyewe unahusika. Utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai, vijijini Kilimanjaro, na Dar na kuchapishwa 2010, baada ya kusawazisha umri, ulikuta Dar kiharusi kipya ni karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai 109. Nchi moja, watu haohao.

#27 Kauzu Mkavu

Dar wana foleni na kelele, tuwasamehe.

#28 Tena Sana

Mmesahau sababu kuu: mikopo ya kausha damu. Jina lenyewe linajieleza. Afisa akikupigia saa kumi na mbili asubuhi presha inafika bila chumvi wala mafuta. Babu wa Nansio ana hoja na huyo shemeji yake.

#29 Nesi Mstaafu

Unatania, lakini msongo umo kwenye yale kumi niliyoyataja. Na chumvi usiitoe kirahisi, vijana. WHO wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula, na hapa mtu ananyunyiza ya mezani kabla hajaonja. Sisemi kayabo, yule samaki wa chumvi.

#30 Msoma Majarida

Kuna moja nilikuwa nalisita kulileta maana najua Kauzu atafanya nini nalo.

Upande wa Uganda, visiwa vya ziwa hilihili letu, walichapisha utafiti 2020 wa minyoo na metaboliki. Wenye kichocho cha tumbo kwa wingi walikuwa na lehemu mbaya (ile LDL) ya chini kuliko wenzao. Wakagawa vijiji, vingine vikapewa dawa za minyoo mara nyingi zaidi. Insulini haikubadilika, lakini waliotibiwa zaidi LDL ilipanda kidogo. Yaani huenda mdudu alikuwa anakula sehemu ya lehemu yao au anabadilisha namna mwili unavyoitumia. Tukiacha kuugua magonjwa ya babu zetu, tunaingia kwenye haya.

#31 Kauzu Mkavu

Ngosha, dawa imepatikana. Funga duka, nenda kaoge Kayenze.

#32 Mzee wa Nansio

Mimi nimeona watu wa kichocho wakitapika damu beseni zima. Msifanye mzaha nacho.

#33 Nesi Mstaafu

Asante mzee. Kinaharibu ini mpaka mishipa ya koo la chakula inavimba na kupasuka. Kila mwenye kichocho ameze prazikwanteli, lehemu tutapambana nayo kwa njia nyingine.

#34 Ngosha Mwenye Duka

Wabeja sana wote. Nimesoma mpaka mwisho, mke wangu naye kasoma, sasa kaficha chumvi.

Mnisaidie hapa. Mama lishe anasema mafuta, Kauzu kiti, Dereva usingizi, Mfamasia vidonge (diklofenaki nilikuwa nameza kweli, kwa ajili ya mgongo), Msoma Majarida anasema mama yangu. Mama yangu alinizaa nyumbani Kayenze, hakuna aliyenipima. Nianze na lipi? Na nikitembea, nitembee kiasi gani? Nimefikiria kwenda Kishiri na kurudi asubuhi kabla ya kufungua duka.

#35 Msoma Majarida

Marekani walipima hilo, matokeo yakatoka 2002. Watu wenye sukari ya katikati kama yako walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea jumla ya dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiofanya, wa metifomini, kidonge cha sukari, asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 95 hiyo asilimia 7 haifiki hata kilo 7.

#36 Mama Lishe Igogo

Njoo Igogo, sato wa kuchemsha nakuwekea pembeni, na ndimu. Bei ileile ya kukaanga, usianze.

#37 Kauzu Mkavu

Mafuta hajatumia, bei ileile. Hapo ndipo presha inapotoka.

#38 Mfamasia wa Kona

Ngosha, diklofenaki mwambie daktari wako, usikae kimya. Na namba moja ya presha haitoshi, ulikuwa umepanda ngazi, umekutana na koti jeupe. Nunua mashine upime nyumbani, uandike.

#39 Dereva wa Usiku

Hapo naomba nishike mkia. Ile ya kifundo cha mkono inafaa? Nimeiona ni ndogo, inakaa vizuri kwenye gari.

#40 Nesi Mstaafu

Ya kifundo acha, mkono ukiwa juu au chini kidogo inadanganya. Chukua ya juu ya kiwiko. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu chini isipishane, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee. Pima mara mbili, uandike zote. Siyo ukiwa umetoka kushika usukani.

#41 Kauzu Mkavu

Hicho kitambaa mimi hakinifungi, mkono wa kuvuta nyavu huu. Nikilazimisha kinafunguka krrr.

#42 Nesi Mstaafu

Ukikibana kidogo kwa mkono mnene kinasoma juu kuliko ukweli, umwogopeshe mtu bure. Kuna vitambaa vikubwa, ulizia ukubwa kabla hujalipia. Pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko, sanduku la mashine limeandikwa kinaanzia sentimita ngapi mpaka ngapi.

#43 Fundi wa Makoroboi

Mikono napima bure. Njoo kabla ya saa sita, mchana huwa nina sare za shule.

#44 Boda Buzuruga

Na betri zikichoka inasoma juu au inasoma chini? Ya mjomba wangu juzi ilimpa 90/50 na alikuwa anakula nyama choma.